Maji Yetu na Ukuta wa Jirani

Mwaka uliopita kijana wetu alituletea mashine ya kufulia ili kumpunguzia mama yake taabu. Tulimshukuru Mola, kisha tukatafuta pa kuiweka. Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, Mombasa, na waliozijenga nyumba hizi hawakuzijua mashine. Mahali palipofaa ni ukumbi wa nyuma, wenye umeme na mfereji. Lakini bomba la maji machafu liko chooni, umbali wa mita 7. Tukachagua njia nyepesi: tukaunga mpira mrefu, tukautoa dirishani, maji yakamwagika kichochoroni.

Baada ya miezi mitatu nguo zikawa zinatoka hazikukamuka, na maji yanabaki ndani. Tukamwita fundi. Akaufuata ule mpira kwa macho, akasema, "Sheikh, mashine haina ila. Pampu yake ni ndogo, nanyi mmeitwika safari ndefu." Kisha akachungulia dirishani na kuuliza, "Ukuta huu ni wa nani?"

Ulikuwa ukuta wa jirani yetu, mama mzee aliyetupakata tungali wachanga. Chokaa ilikuwa imebambuka, na mawe ya matumbawe yameloa hadi kimo cha goti. Kila alfajiri tulipita hapo kwenda msikitini, na hatukuona.

Tulikwenda kumtaka radhi. Tulimkuta amekisogeza kitanda katikati ya chumba kukimbia unyevu. Tukamwuliza, "Mama, mbona hukutwambia?" Akajibu kwa upole, "Mwanangu, nilisema leo ataona, kesho ataona. Nami nitamkumbushaje haki ya jirani maalim anayetusomesha haki hiyo hiyo?" Tuliinamisha kichwa, hatukuwa na jibu.

Siku ya pili fundi alirudi. Kando ya mashine alisimamisha paipu ya plastiki ya inchi 2, mdomo wake ukapita kidogo kimo cha kiuno. Mpira mfupi wa mashine ukaning'inizwa mdomoni humo bila kuzibwa, ili hewa ipite na maji yasivutwe nje wakati mashine ingali inajaza. Chini aliweka kona iliyopinda, inayobakisha maji kidogo ya kuzuia harufu. Kutoka hapo paipu ikafuata ukuta wa ndani hadi chooni, ikishuka sentimita 2 kwa kila mita. Yaani sentimita 14 kwa safari nzima. Pampu huyainua maji hadi mdomoni tu. Yaliyobaki ni kazi ya mteremko.

Ukuta wa mama tuliuacha ukauke kwanza, kisha tukautengeneza kwa gharama yetu, kwa chokaa na si kwa saruji, kwani saruji huufungia unyevu ndani ya mawe. Kitanda chake sasa kimerudi mahali pake.

Ndugu wasomaji, tumeyaandika haya kwa haya, kwani aliyepaswa kujua zaidi ndiye aliyeghafilika. Jirani akinyamaza, tusidhani ameridhia, huenda anatusitiri. Basi kila mwenye nyumba naatoke leo aangalie maji yake yanaishia wapi, na amwulize jirani kabla jirani hajalazimika kusema.

Wabillahi tawfiq.