Mawe Yasiyooshwa

Kuhama si kubeba vitu tu. Ni kujua kipi kibebwe na kipi kiachwe. Mzee mmoja wa Kizanzibari aishiye Muscat alilijua hilo kabla hajajua lolote kuhusu ufugaji wa matumbawe. Aliteremka huko mwaka 1974, katika ile miaka ambayo Wazanzibari wengi walikuwa wakihamia Oman, akiwa kijana wa miaka 20 na sanduku alilopangiwa na mama yake. Ndani mlikuwa na shuka mbili, kanzu tatu, na mbuzi ya kukunia nazi. Jamaa waliompokea walicheka: huu ni mji wa mitende, nazi ataitoa wapi? Mbuzi ile ingali jikoni kwake.

Ukumbini mwake palikuwa na tangi la kioo la lita 80, bahari ndogo aliyoianzisha marehemu mkewe: mawe, matumbawe laini, matumbawe magumu machache, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Mwaka wa sita tangu kufiwa, kona moja ya kioo ilianza kutoa jasho. Maji yalichuruzika kidogo kidogo, yakakauka na kuacha ukoko mweupe wa chumvi. Lingepasuka usiku, asubuhi kusingekuwa na cha kuokoa. Mzee akanunua tangi la lita 150, kisha akaliacha tupu wiki mbili nzima. Alikuwa anaogopa.

Hatimaye alichanganya maji mapya: gramu 35 za chumvi kwa kila lita ya maji yaliyochujwa, pampu ikiyakoroga usiku kucha, joto digrii 26. Alfajiri akavuta maji ya zamani kwa mpira, akajaza ndoo. Akayatumbukiza humo matumbawe moja moja, kisha mawe, na mwisho samaki, maana hao hawakamatiki mpaka maficho yao yaondoke.

Mjukuu wake, binti wa miaka 15 aliyekuja kumsaidia, aliyatazama mawe yale yenye utando wa zambarau na utelezi wa kahawia.

“Babu, niyasugue? Kwenye tangi jipya yataonekana machafu.”

“La, mwanangu, usithubutu. Huo unaouita uchafu ndio uhai wenyewe.”

Akamweleza. Kinyesi cha samaki huzaa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoishi juu ya mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, iliyo hafifu zaidi. Katika tangi jipya huchukua wiki kadhaa kujenga maskani yao. Mawe yakioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, hufa. Na samaki wakabaki kuogelea katika maji meupe kama lulu yanayowaua. Maji yenyewe hubeba bakteria wachache tu, ndiyo maana yanaweza kubadilishwa. Mchanga wa chini wa zamani nao ulikuwa na taka za miaka mingi; ukivurugwa, sumu yake hutoka kwa mkupuo. Mzee aliuacha, akachota kikombe kimoja tu cha mchanga wa juu na kuunyunyiza juu ya mpya.

“Kumbe si kila cha zamani kinabebwa,” alisema binti.

“Si kila kitu,” alijibu mzee.

Adhuhuri kazi ilikwisha. Taa ziliwashwa kwa saa chache tu, matumbawe yasishtuke kwa mwanga mgeni. Yote yalikuwa yamejikunyata, hata lile la kwanza kabisa, alilolipandikiza marehemu juu ya jiwe la ukubwa wa ngumi. Kila asubuhi mzee alipima amonia, kisha akakaa mbele ya kioo, chai ikimpolea mkononi.

Siku ya nne lilifunguka, vidole vyake vikayumba katika mkondo. Tumbawe moja gumu lilikuwa limeanza kuwa jeupe ukingoni. Juma la pili lilikufa. Hakulitoa. Aliliacha mahali pake, samaki wakalizunguka.

Ijumaa ile mjukuu alirudi na nazi mbili alizozinunua sokoni. Sauti yake ikatoka jikoni:

“Babu, mbuzi hii inakaliwaje?”

Mzee akainuka kwenda kumwonyesha.