Dihé, mboga ya majini ya akina mama wa Kanem

Siku ambayo sombe imekosekana, mama wa Goma au Bukavu anajiuliza: leo tutakula fufu na nini? Huko Kanem, nchini Chad, jibu linaota majini. Dihé ni utando wa kijani unaostawi katika vidimbwi vya maji ya magadi karibu na Ziwa Chad.

Kuivuna ni kazi ya wanawake peke yao. Wazee wanaamini kwamba mwanaume akiingia, kidimbwi kitakuwa tasa. (Wanaume hawalalamiki, kazi yenyewe ni nzito.) Mama anaichota, anaichuja, anaimwaga juu ya mchanga. Mchanga unanyonya maji, jua linamalizia, kinabaki kitu kama mkate mwembamba, ambacho hukatwa vipande kwa ajili ya soko. Jikoni inapondwa, inapikwa na chumvi, nyanya na pilipili, pengine samaki, halafu mchuzi huo unaliwa na ugali wa uwele. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Kwa nyumba isiyo na nyama, hilo si jambo dogo.

Lakini familia zilizokimbia vita na zinazochota maji Ziwa Kivu zisikie vizuri: utando wa kijani ukionekana ufukoni, si dihé. Utando wa namna hiyo unaweza kuwa na sumu inayoharibu ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Chota mbali na hapo, na watoto wasioge hapo.