Neema ya Bwawa na Haki ya Jirani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia maji kuwa asili ya uhai.

Ndugu wasomaji, wengi hudhani kuwa bwawa ni shimo la maji tu, na kwamba samaki waliomo hutokea wenyewe. Lakini sisi wa Mpanda tunalo Ziwa Katavi, ambalo kwa hakika ni bwawa la msimu. Mto Katuma hulijaza, kisha huendelea hadi Ziwa Chada.

Mvua zianzapo, kiasi cha mwezi wa Novemba, mto hufurika ukatanda mbugani. Nyasi kavu na samadi ya nyati na viboko, vilivyolimbikana tangu kiangazi, huoza majini vikawa mbolea. Kwa mbolea hiyo na mwanga wa jua huota ukoga; ukoga huliwa na vidudu vya majini, na vidudu huliwa na watoto wa samaki. Kambare hufuata mafuriko wakataga mayai katika nyasi zilizofunikwa na maji machache. Ghala ya mwaka mzima hujazwa kwa miezi hiyo michache.

Zikatikapo mvua, kiasi cha mwezi wa Mei, maji hurudi nyuma, na vyote vilivyokulia mbugani hukusanyika katika vidimbwi. Hapo korongo na mwari hupata karamu. Maji yakizidi kupungua, viboko husongamana, samadi yao huoza ikaimaliza hewa iliyomo majini, na samaki wengi hufa. Kambare hustahimili, kwa kuwa aweza kuvuta hewa ya juu. Na mamba hujihifadhi katika mapango ya kingo za mto. Subhana-llah!

Basi kupungua huko ni desturi aliyoiweka Muumba. Linalosikitisha ni jingine. Zamani Katuma ulitiririka hata kiangazi. Katika miaka ya 2000 ukaanza kukauka kabisa, na miongoni mwa sababu zake ni maji kuzuiwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Mpunga nao ni riziki, wala hatusemi usilimwe. Wengi wa watoto tunaowasomesha hulishwa kwao. Lakini mto ukikatika mapema, ghala ya chini hufungwa kabla ya wakati wake.

Sheria yetu haikulinyamazia jambo hili. Zubeir bin Awwam aligombana na mtu wa Ansari juu ya mfereji wa kunyweshea mitende huko Madina. Mtume S.A.W. alimwamuru Zubeir, ambaye maji yalimfikia kwanza, anyweshe shamba lake, kisha ampelekee jirani yake. Mwenye kutangulia ana haki ya kunywesha. Hana haki ya kufunga.

Basi enyi wazazi mlio na mashamba, wekeaneni zamu, na aliyetosheka aufungue mfereji wake. Nanyi vijana, msiwavue kambare waendao kutaga katika mafuriko ya kwanza. Mwenye kumla mzazi leo, kesho atatafuta watoto asiwapate.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru kwa vitendo. Amin.