Kabla ya kuuza shamba la miti kwa ajili ya ada, pima magogo

Katika vijiji vingi vya Mufindi na Njombe, shamba la miti ni akiba ya familia. Wazazi hupanda mipaini mtoto akiwa bado mgongoni, wakijua kwamba siku ya ada kubwa itafika. Tatizo huanza siku hiyo inapofika. Dalali hupita shambani, hutazama miti kwa macho, hutaja bei ya shamba zima, na mzazi mwenye barua ya chuo mkononi hukubali kabla jua halijazama.

Mama mmoja mjane, wa kijiji kisicho mbali na Mafinga, alibakiza kidogo afanye hivyo. Ana ekari mbili za mipaini aliyoipanda na marehemu mumewe miaka 17 iliyopita. Binti yake wa kwanza alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Dalali alikuja na fedha taslimu akitaka shamba lote.

"Shemeji, chukua hizo hela mtoto akasome," mdogo wa marehemu alimwambia. "Miti tutapanda mingine."

Mama hakumkatalia. Aliomba apewe siku saba.

Siku hizo alizitumia kwa mzee jirani aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kupasua mbao. Alitaka kujua jambo moja tu: gogo likifika kiwandani, wanaangalia nini? Mzee aliingia naye shambani pamoja na kijana wake aliyemaliza kidato cha nne.

Aliwaanzishia na unene. Gogo hupimwa kipenyo upande wake mwembamba, kwa sababu ubao ulionyooka lazima utoke mzima kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Gogo la futi 12 lenye kipenyo cha sentimita 20 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.115. La urefu huohuo lenye sentimita 28 lina 0.225. Sentimita nane tu zimeongeza ujazo karibu mara mbili. Mama akaelewa kwa nini dalali hakutaka miti ipimwe: minene ilikuwa inalipwa bei moja na myembamba.

Kwa mti uliosimama walitumia futi ya fundi cherehani. Waliizungushia shina usawa wa kifua, wakagawa kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 88 ni kipenyo cha 28, ingawa gamba limo humo na juu mti unapungua.

Kisha urefu. Mbao za kuezekea, mbili kwa nne na mbili kwa sita, huuzwa sana kwa futi 12. Kwa hiyo gogo hukatwa futi 12 na nyongeza ya inchi tatu au nne, maana ncha hupasuka zikikauka, na chenso haikati wima kila mara. Likipungua inchi mbili, litapokelewa kama la futi 10, na kilichozidi kinakuwa kuni.

Mti uliopinda una hesabu yake. Usifuate tepu tu kutoka chini kwenda juu. Tafuta mahali ulipopinda, kata hapo, upate magogo mawili yaliyonyooka, hata kama moja litakuwa la futi nane. Gogo refu lililopinda hutoa mbao chache na mabanzi mengi.

Mwisho ni vifundo, uozo na nyufa. Gogo la chini, ambalo matawi yake yalipogolewa mapema, ndilo lenye mbao safi. La juu limejaa vifundo. Ndiyo maana mzee alisisitiza kisiki kikatwe karibu na ardhi. "Ukiacha kisiki kirefu," alisema, "umeacha sehemu nene kuliko zote ioze shambani."

Baada ya siku saba mama alimwita shemeji yake, akamfungulia daftari lenye miti iliyopimwa. Walikubaliana kuvuna minene tu, chini ya theluthi moja ya shamba.

Kazi haikuanza vizuri. Fundi wa chenso alikuwa analipwa kwa kila mti, hivyo aliharakisha na kukata kwa kukadiria. Siku ya kwanza magogo 14 yalitoka mafupi, na kiwandani yalihesabiwa ya futi 10. Kijana alikata fito yenye futi 12 na inchi nne, akawa anailaza juu ya kila shina na kupiga alama ya chaki kabla msumeno haujagusa. Mama naye alibadilisha malipo ya fundi yawe ya siku. Fundi alinuna mwanzoni, lakini magogo mafupi yaliisha.

Walipanga malundo matatu. Yaliyo manene na safi yalikwenda kiwandani, ya kati kwa mwenye mashine ya dingdong, na yaliyooza au kupasuka yakauzwa kuni. Waliyaondoa shambani mapema, kwa kuwa gogo la paini likikaa huingia ukungu wa bluu na bei hushuka.

Hata hivyo njia hii ilikuwa na gharama. Ushuru, hati ya kusafirishia na kukodi gari vilikula zaidi ya walivyotarajia, na malipo ya kiwanda yalichelewa. Binti alitakiwa kuripoti chuoni kabla fedha hazijaingia. Aliyeziba pengo alikuwa baba yake mdogo, yuleyule aliyeshauri shamba liuzwe. Malipo yalipotoka, mama alimrudishia deni, akamaliza ada ya mwaka wa kwanza na kununua sare. Miti mingi imebaki shambani ikiendelea kunenepa.

Mzazi mwenye shamba la miti, usisubiri barua ya chuo ndipo upime. Pima mapema, andika kila mti kwenye daftari, na uliza viwanda viwili au vitatu vinataka urefu na unene gani kabla hujaangusha hata mmoja. Shirikisha watoto, kwani hesabu ya kipenyo wanaifundishwa shuleni. Na anza kuvuna miezi kadhaa kabla ya tarehe ya ada, maana kiwanda hakijui chuo kinafungua lini.

Miti ya mwaka wa pili wa uuguzi imeshapigwa alama ya rangi nyeupe. Aliyeshika brashi ni shemeji.