Saa Ilikuwa na Haki, Sisi Tulikosa

Sisi tuliopewa kazi ya kuongoza wanafunzi mwaka huu tumezoea kuandika hapa juu ya usafi na kuchelewa. Leo tunaandika juu ya kosa letu wenyewe.

Mnajua ile ordinateri ya chumba cha fizika. Sisi wafinalisti wane tuliwekamo FlightGear, programu ya kuigiza kurusha ndege, inayotolewa bure tangu 1997. Tulitaka siku ya wazazi watu waone saa zilizo mbele ya rubani, kama mule ndani ya ndege ndogo za MAF zinazoshuka hapa Bunia. Kwa kweli hatukuchora mengi. Kuna modeli za saa ambazo watu wengine wamekwisha kutengeneza, na vipande vya kuongeza ambavyo wengi wanaita pulagini. Unachukua modeli, unabadili picha ya uso wake, unaandika katika faili mshale ufuate hesabu gani.

Saa ya urefu iko na mishale kama saa ya ukutani. Mrefu unazunguka mara moja kwa kila futi 1,000, maana yake digrii 0.36 kwa futi moja. Mfupi unazunguka mara moja kwa futi 10,000. Hesabu hiyo tuliikuta imeandikwa tayari, lakini tulijisifu kwamba ni kazi yetu.

Siku ya kujaribu, mdogo wetu mmoja wa darasa la saba akauliza: «Yaya, ndege iko chini bado, mbona mshale unaonyesha 4,000?» Wenzake wakacheka. Jibu hatukuwa nalo. Badala ya kusema hatujui, tulimwambia aache kiburi, tukamtoa inje. Jioni tukafungua faili, tukarudisha mshale mfupi nyuma digrii 145 hivi, na ule mrefu kidogo, mpaka yote ikakaa kwa sifuri. Tukaenda kulala na furaha.

Kesho yake mwalimu wa fizika akatazama, akauliza neno moja tu: «Na rubani wenu akishuka Kisangani?»

Tukajaribu. Kumbe saa ile haipimi urefu toka udongo wa kiwanja. Inapima mgandamizo wa hewa, na ikisha kurekebishwa kwa hewa ya siku ile, inaonyesha urefu juu ya bahari. Kiwanja cha Bunia kiko juu ya bahari kwa zaidi ya futi 4,000. Kile cha Kisangani hakifiki 1,500. Ndege yetu ikasimama kule, magurudumu chini, na mshale mfupi ulipita nyuma ya sifuri ukaonyesha zaidi ya 7,000! Rubani wa kweli katika mawingu angefikiri bado yuko juu sana, kumbe miti iko karibu na mabawa.

Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, tulisimama mbele ya wote, tukamwomba mdogo wetu msamaha. Alitusamehe. Faili tuliirudisha namna ilivyokuwa, na chini ya ekra tukabandika karatasi: «Saa hizi zilitengenezwa na wengine, sisi tulizipanga tu.» Siku ya wazazi, ni yeye aliyewaeleza ile 4,000.

Wenzetu mtakaobaki na kazi hii mwaka ujao, mdogo akiwauliza, msimtoe inje. Tafuteni jibu pamoja naye.

Mkuu wa wanafunzi