Gozo, Kisiwa cha Kutembea Polepole

Mgeni aendaye Gozo kwa mapumziko hana haja ya haraka. Feri kutoka kisiwa kikuu cha Malta huchukua dakika 25 hivi, na kisiwa chenyewe kina kilometa za mraba 67 tu. Apendaye kutembea kwa miguu atakizunguka kwa siku chache, akirudi kila usiku kwenye kitanda kile kile.

Pwani ya Xwejni wenyeji huyaacha maji ya bahari katika vidimbwi vilivyochongwa mwambani, jua likayakausha ikabaki chumvi. Huko Xagħra yamesimama mahekalu ya Ġgantija, yaliyotangulia mapiramidi ya Misri. Lile tao la mwamba la Dwejra, lililojaa katika picha za watalii, mgeni asilitafute; liliporomoka baharini Machi 2017.

Lakini mahali pa kukaa kitako na kutafakari ni ngome iliyo juu ya mji wa Victoria. Mwaka 1551 majeshi ya Waturuki yaliizingira na kuiteka, na watu wapatao 5,000, karibu wakazi wote wa kisiwa, wakapelekwa utumwani. Kwa hofu hiyo, hadi mwaka 1637 sheria iliwataka wakazi walale ndani ya kuta zile.

Kimalta ni lugha yenye asili ya Kiarabu. Mswahili anunuaye jibini ya kondoo katika uwanja wa It-Tokk, chini ya ngome hiyo, atasikia sitta, sebgħa, disgħa, na bei ataijua bila ya mkalimani.