Zamani Tulipelekwa Ukerewe

Fomu za kambi za likizo huuliza mambo ambayo wazazi wangu hawakuwahi kuulizwa na mtu yeyote. Mtoto ana pumu? Ana selimundu? Chakula gani kinamdhuru? Bado anakojoa kitandani? Akiamka usiku analia, hutulizwaje? Wazazi wenzangu wa Dar es Salaam hujaza jina na malipo upesi. Wakifika kwenye swali la mwisho kalamu inasimama, baba anamtazama mama, mama anamwita dada wa kazi atoke jikoni. Mwenye jibu ni dada.

Sisi watoto wa miaka ya 80 tulipelekwa kwa watu waliokuwa na majibu hayo tangu hatujazaliwa. Shule zikifungwa, Juni au Desemba, tulipandishwa treni ya reli ya kati, tukakabidhiwa kwa abiria yeyote aliyekuwa na udugu nasi, hata kama ni wa kuhesabu kwa vidole. Mama alimwambia tu, "Shangazi, hawa ni wako mpaka Mwanza," na basi. Saranda tulinunuliwa kuku, Tabora asali. Hapo Tabora treni hugawanywa, mabehewa mengine yanashika njia ya Kigoma na mengine ya Mwanza, na huyo shangazi wa safari alipita akitugusa vichwa mmoja mmoja kuhakikisha hakuna aliyehamia kwa rafiki mpya wa kwenda Kigoma. Kutoka Mwanza tulivuka kwa meli hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, na pale gatini binamu walikuwa wamekwisha kufika, kwa sababu barua ilitangulia majuma mengi.

Bibi hakuuliza chochote. Alikuwa amemlea mama yetu, akijua degedege lililompata mama utotoni, na alijua ni nani kati yetu amerithi kifua kibovu cha babu. Jioni ya kwanza tulikula ugali wa muhogo na sato, kisha giza likaingia na wavuvi wa dagaa wakawasha karabai zao, ziwa likawa kama mji uliohamia majini. Saa hizo ndipo hamu ya nyumbani ilipotushika. Mchana mtoto ana mambo mengi, lakini jua likizama koo linakaba.

Sikumbuki bibi akimwambia mjukuu asilie. Aliyelia alilazwa katikati ya mkeka, binamu huku na huku. Asubuhi alipewa kazi, na haikuwa kazi ya kubuni: mbuzi wa kufungua na kurudisha jioni, au kuku wa kuhesabu kabla banda halijafungwa. Mbuzi asiporudi, nyumba nzima ilipata hasara. Mtoto wa mjini aliyefika akiwa mgeni alijikuta katika siku chache ana kitu kinachomtegemea, akasahau kuulizia siku ya kuondoka.

Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Christopher Thurber na Edward Walton, waliandika katika jarida la madaktari wa watoto, Pediatrics, jinsi ya kumwandaa mtoto atakayelala mbali na wazazi. Niliposoma ushauri wao nilimwona bibi. Wanasema hamu ya nyumbani ni ya kawaida, karibu kila mtoto huipata kidogo, na mtoto aambiwe hivyo mapema. Ashirikishwe katika uamuzi, asishtukizwe begi limefungwa. Alale kwanza usiku mmoja mmoja kwa ndugu au rafiki kabla ya kwenda mbali. Awe na shughuli. Tena wanaonya jambo ambalo sisi wazazi wa leo tunalifanya kwa mapenzi tele: kumwahidi, "Ukijisikia vibaya, nipigie nije kukuchukua." Ahadi hiyo inamwambia mtoto kwamba hata mzazi wake hana hakika kwamba ataweza. Kila jioni atakuwa anapima kama leo amejisikia vibaya kiasi cha kutosha. Kama kuna neno moja ningemsihi mzazi alishike, ni hili: usiitoe ahadi hiyo. Mwambie atakumiss, nawe utammiss, na kwamba hapo kambini kuna mtu mzima wa kumwambia.

Ningependa kuishia hapa, kwenye mkeka na mbuzi. Lakini maisha yale yalikuwa na upande ambao watu wa rika langu huuruka wanaposimulia. Tuliogelea ziwani kutwa nzima, na Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi isiyo na hata mchubuko. Wengi walirudi Dar na damu kwenye choo, na hakuna aliyeunganisha ugonjwa huo na raha ya likizo. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, na homa huweza kujitokeza wiki moja au mbili baada ya mtoto kurejea, akiwa darasani tayari. Anayempeleka mtoto huko leo amfungie chandarua kwenye begi, na homa ikija amtajie daktari alikotoka. Vyombo vya majini tulivipanda bila kuangalia vimebeba watu wangapi. Kisha MV Bukoba ikazama Mei 1996 ikaondoka na mamia ya watu, na Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, kwenye maji yale yale ya kisiwa chetu, wakafa zaidi ya watu 200. Kuulizia jaketi okozi kabla ya kuvuka si woga wa watu wa mjini.

Na kuna lile zito zaidi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliotajwa kuwafanyia ni pamoja na majirani. Basi katika zile nyumba zilizojaa wajomba, wapangaji na wageni wa msibani, ambamo sisi tulicheka, walikuwamo wenzetu waliolala macho wazi. Hawakuwa na maneno ya kusemea, wala hakuna aliyewauliza. Imani ya wazazi wetu ilikuwa kubwa na nzuri, lakini ilimwacha mtoto wa namna hiyo peke yake.

Leo nyumba nyingi za akina bibi zimefungwa kwa kufuli. Binamu wamehamia Mwanza na Geita, shangazi yuko Dodoma, na wajukuu wanakutana kwenye misiba. Ndiyo maana kambi zimeota Bagamoyo, Arusha na pembezoni mwa Dar, na sioni sababu ya kuzibeza. Zinawapa watoto miti, moto wa jioni na wenzao wa rika. Ila mzazi aulize kwa kinywa chake, asitosheke na picha za kila siku kwenye kundi la WhatsApp, maana mtoto akiambiwa acheke mbele ya kamera atacheka. Wanaolala na watoto ni nani, na walipatikanaje? Kuna wakati mtu mzima hubaki chumbani na mtoto mmoja? Kwenye bwawa nani anasimama kuangalia, na anajua kuokoa? Hospitali ya karibu ni ipi, na usiku gari lipo? Kambi nzuri haikasiriki ikiulizwa hayo. Mtoto naye afundishwe kwamba hakuna siri ya mwili anayopaswa kumfichia mzazi, hata akitishwa, na kwamba namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Binti yetu anakwenda kambi ya Bagamoyo Desemba hii. Swali lake halikuwa la michezo wala chakula. "Mama, kule kuna mtu ananijua?" Nikapiga simu, nikaomba kuzungumza na matroni atakayelala bweni la wasichana wadogo. Walisita, kisha wakanipa. Nilimweleza kwamba mtoto huyu akiogopa huwa hasemi, hukaa kimya akikunja ncha ya shuka, na asiachwe hivyo muda mrefu. Halafu nikampa binti simu. Nilimsikia akimuuliza matroni anaitwa nani nyumbani kwao, na ana watoto wangapi, na kama kambini kuna mnyama wa kufuga.

Kuna sungura. Matroni amemwambia kwamba watahitaji mtu wa kuwapa majani asubuhi.